Nani Alisema, na Wapi? Vyanzo na bibliografia katika kazi za wanafunzi wa Fizi

Mwaka 1959 Georges Weis alichapisha mjini Brussels kitabu chake cha Kifaransa juu ya nchi ya Uvira na mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Mwanafunzi wa Swima, Mboko au Baraka, hapa Fizi, anayeandika juu ya kilimo, uvuvi au historia ya makazi ya mwambao huu atakutana na jina la Weis mapema sana. Kukutana na kitabu chenyewe ni habari nyingine. Kitabu hiki ni miongoni mwa vile ambavyo mtu anaweza kuvitaja katika bibliografia bila kuvifungua hata siku moja, na hapo ndipo penye tatizo ninalotaka kulichambua. Wanafunzi wetu wanaandika vyanzo. Tena wengine huviandika kwa wingi, kurasa tatu au nne mwishoni mwa kazi. Swali ni kama vyanzo hivyo vinamwezesha msomaji kurudi nyuma na kuhakiki alichoambiwa.

Tuangalie jinsi bibliografia inavyozaliwa. Kazi ya kumaliza masomo, ambayo huku kila mtu bado anaiita TFC ingawa mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat) umebadilisha majina ya ngazi, mara nyingi huanza kwa kuazima TFC ya mtu aliyetangulia. Kuazima si kosa. Pasipo na maktaba kubwa, kazi ya kaka au dada wa mwaka uliopita ndiyo maktaba. Shida inakuja baadaye. Mwanafunzi wa kwanza alifika Bukavu, akakisoma kitabu, akanakili aya moja na kuandika ukurasa chini. Wa pili anaichukua aya hiyo pamoja na tanbihi yake, bila kusema ameipata kwa wa kwanza. Wa tatu anaichukua kwa wa pili na kuifupisha kidogo, na anayeichapa anakosea tarakimu moja. Ikifika kwa wa nne, Weis anasema neno ambalo hakulisema, katika ukurasa ambao hauna habari hiyo, na hakuna hata mmoja kati yao anayejiona amedanganya.

Dawa yake ni maneno mawili tu: “akinukuliwa na”. Weis, 1959, akinukuliwa na fulani katika TFC yake ya mwaka fulani, ukurasa fulani. Wanafunzi wengi wanayaogopa maneno haya. Wanaona yanatangaza umaskini wao, kwamba hawakukifikia kitabu, na kwamba jopo la watahini litawadharau. Mimi naona kinyume kabisa. Tanbihi ya namna hiyo ndiyo yenye heshima kuliko zote katika kazi nzima, kwa sababu inamwambia msomaji njia ambayo habari ilipitia, na kosa likigunduliwa linajulikana liliingilia wapi. Jopo linaloicheka linawafundisha vijana kuficha.

Tabia hii ina mizizi shuleni. Tangu shule ya msingi mtoto anaandika anachosomewa na mwalimu. Daftari lake limejaa maarifa yasiyo na mwenyewe: mito ya Afrika, sababu za vita vya kwanza vya dunia, sehemu za ua. Nani aligundua, nani alipinga, imeandikwa wapi, hayo hayamo. Katika Mtihani wa Serikali, ule Exetat, mtahiniwa anaandika disertasyo ya Kifaransa kwa kichwa chake, hana kitabu mbele, kwa hiyo hadaiwi chanzo, na ni haki asidaiwe. Akiingia taasisi ya juu anakuta silabusi iliyotolewa fotokopi, ambayo mara nyingi nayo haina tanbihi hata moja. Halafu siku moja, katika somo la mbinu za utafiti, anaambiwa kwamba kila wazo lisilo lake lazima liwe na rejea. Miaka yote amefundishwa kwa maandishi yasiyotaja chanzo, leo anatakiwa ataje. Anafanya kile ambacho mwanadamu yeyote angefanya: anajifunza umbo la nje. Jina kwa herufi kubwa, kichwa kwa mlalo, mji, mchapishaji, mwaka, ukurasa. Na jopo linamthibitishia kwamba umbo ndilo lenye alama, pale linapotumia robo saa kujadili koma kati ya Paris na mwaka, bila kuuliza kama kitabu hicho alikisoma.

Lakini mtu asiniambie kwamba kutaja chanzo ni jambo geni lililoletwa na wazungu wa vyuo. Ingia kanisa lolote la mwambao huu Jumapili, kuanzia Makobola hadi Baraka. Mhubiri hawezi kusema “Biblia inasema” akaishia hapo. Atataja kitabu, sura na mstari, atangoja watu wafungue, na mama aliyekaa benchi la nyuma atamsahihisha akikosea mstari. Waumini hao wanajua kwa nini mstari unatajwa: ili kila mmoja asome kwa macho yake na asitegemee mdomo wa anayesema. Waislamu wa Baraka nao ni warithi wa elimu ya hadithi, ambamo maneno ya Mtume hayapokelewi bila isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi wanaotajwa mmoja baada ya mwingine, na wanazuoni waliandika vitabu vizima kupima uaminifu wa kila jina katika mnyororo. Mwanafunzi anayeshindwa kuelewa tanbihi darasani amekuwa akiielewa tangu utotoni. Ni sisi walimu ambao hatukumwonyesha kwamba ni jambo lilelile.

Ili kuona chanzo kinafanya kazi gani, nitachukua somo linalopendwa sana na wanafunzi wa mwambao: ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Karibu kila kazi juu ya uvuvi wa Tanganyika inafungua na takwimu kwamba ziwa linatoa tani 165,000 hadi 200,000 za samaki kwa mwaka. Takwimu hiyo haikutungwa. Inatokana na makadirio ya miaka ya 1990, wakati mradi mkubwa wa utafiti wa FAO ulipokuwa ukifanya kazi pamoja na nchi nne za ziwa. Kinachopotea njiani ni tarehe. Sentensi inaandikwa kwa wakati uliopo, “ziwa linatoa”, na msomaji wa leo anadhani ni mavuno ya mwaka jana. Mwaka 2003, katika jarida la Nature, Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba joto la ziwa limepanda, maji hayachanganyiki kama zamani, na uzalishaji wa mimea midogo ya majini umeshuka kwa takribani asilimia 20, jambo ambalo walikadiria lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Watafiti wengine wakabishana nao, wakisema uvuvi wenyewe nao una sehemu kubwa. Mjadala huo ndio uhai wa somo. Mwanafunzi anayeandika tani 200,000 bila mwaka amejifungia nje ya mjadala, na wavuvi wa Swima wanaolala ziwani na kurudi na kidogo watashangaa kuambiwa na msomi wao kwamba samaki ni tele.

Kuna mambo mazito kuliko samaki. Mwishoni mwa Desemba 1998 na siku za mwanzo za Januari 1999 watu wengi waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, kwenye barabara hiihii ya ziwa inayopita Swima. Wangapi? Taarifa za kwanza, zilizosambazwa na shirika la habari la wamisionari MISNA, zilitaja takribani 500. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama Mapping Report, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, imeandika zaidi ya 800. Katika kazi za wanafunzi nambari zote mbili zipo, na nyingine pia, mara nyingi bila chanzo. Wala mwanafunzi hana haja ya kuchagua moja na kuificha nyingine. Anachopaswa kusema ni nani alihesabu, lini, na kwa njia gani: shirika lililopokea habari siku chache baada ya mauaji, au timu iliyokuja miaka kumi baadaye kukusanya ushahidi. Hapo tofauti inaeleweka. Nambari isiyo na chanzo, katika jambo kama hili, inampa nafasi yeyote anayetaka kusema kwamba yote ni porojo. Waliokufa wanastahili uangalifu mkubwa zaidi ya huo.

Na hiyo Mapping Report yenyewe ningeifanya kitabu cha kufundishia somo hili. Inahusu kipindi cha Machi 1993 hadi Juni 2003, inaeleza matukio 617, na waandishi wake walihoji mashahidi zaidi ya 1,280 na kuchunguza nyaraka zisizopungua 1,500. Tukio lenye chanzo kimoja tu halikuingizwa, kila moja lilihitaji angalau vyanzo viwili huru. Mwanafunzi afungue ukurasa wowote wa Kivu Kusini, aache matini ya juu, asome tanbihi tu. Ataona ripoti za mashirika ya kiraia, taarifa za haki za binadamu, magazeti, na baina yake maneno mafupi ya namna hii: mahojiano na timu, Kivu Kusini, mwezi fulani wa 2009. Jina la shahidi halimo, kwa sababu angeweza kudhurika. Mahali pamo, wakati upo, aina ya chanzo ipo. Tanbihi inaweza kumlinda mtu na bado ikawa tanbihi.

Hapo tunagusa uwanja ambao wanafunzi wetu wangeweza kuwa wataalamu wa kwanza, nao ndio wanaouandika vibaya kuliko yote. Vitabu juu ya Fizi ni vichache na vipo mbali. Wazee wapo karibu. Kijana anazungumza na mzee wa ukoo juu ya mipaka ya mashamba, na mama anayejua jinsi ndagala zilivyokuwa zikikaushwa kabla ya karabai kuja, na mwalimu mstaafu aliyeona msitu wa Fizi ukiwa mikononi mwa waasi wa chama cha PRP. Kisha anaandika: “wazee wanasema”. Wazee gani? Bibliografia yake inamtaja mwanasosholojia Durkheim, ambaye hakumsaidia kwa lolote, na inamwacha mtu aliyempa siku nzima ya kumbukumbu zake. Hili linaniuma kweli.

Utaratibu wa kuwataja si mgumu. Tuseme tanbihi inasomeka hivi: mahojiano na mzee wa ukoo, mvuvi, miaka 71, Swima, 14 Agosti 2023, kwa Kibembe, tafsiri ya mwandishi. Mstari mmoja tu, na kila kipande kina kazi. Umri unatuonyesha kama angeweza kuyaona anayoyasimulia au aliyapokea kwa wengine. Kazi yake inatuonyesha anajua nini kwa mikono. Lugha na tafsiri ndizo zinazosahaulika zaidi: mzee alisema kwa Kibembe, mwanafunzi akaandika kwa Kifaransa, na kati ya hapo kuna maamuzi ya mwanafunzi ambayo msomaji ana haki ya kuyajua. Jina liandikwe pale mwenyewe anaporidhia na hakuna hatari. Katika mambo ya ardhi na vita, hapa kwetu, hatari ipo, na mwanafunzi amuulize mzee mwenyewe kabla ya kumwandika.

Mfano mzuri upo karibu nasi. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, upande wa Walikale, msimulizi Shekarisi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuandika na kuuchapisha mwaka 1969, na kitabu chao kinamtaja Rureke kwa jina na kueleza habari zake. Biebuyck huyohuyo alifanya utafiti kwa Walega na Wabembe pia. Leo mtu anayechambua Mwindo chuoni popote duniani anaweza kujua sauti ilikuwa ya nani. Wasimulizi wangapi wa Fizi wamepotea ndani ya maneno “kwa mujibu wa mapokeo”?

Kosa la upande wa pili ni kutaja chanzo kwa uaminifu na kukimeza kizima. Richard Burton na John Hanning Speke walipita kando ya nchi hii kwa mitumbwi mwaka 1858 wakienda Uvira, na katika kitabu chake cha 1860 Burton aliwaandika Wabembe kuwa ni wala watu. Alikuwa mpita njia, akiwategemea wapiga makasia kutoka upande wa Ujiji ambao walikuwa na sababu zao za kuogopa mwambao huu. Mwanafunzi anayemnukuu Burton na kuweka ukurasa sahihi ametimiza kanuni zote za bibliografia na bado hajafanya kazi yake, kama hakuuliza Burton alijuaje. Ubora wa chanzo haupimwi kwa ukale wake wala kwa uzungu wake. Jacques Depelchin, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford ya 1974 juu ya Uvira, alikuwa akiuliza maswali ya namna hiyo kuhusu maandishi ya wakoloni. Tusome vile.

Juu ya mitindo nitasema machache. Vyuo vyetu vimerithi ule wa Kifaransa, wenye tanbihi chini ya ukurasa, ibid. na op. cit., na bibliografia iliyogawanywa: vitabu, makala, TFC na memwari, silabusi, ripoti, intaneti. Mashirika na majarida ya nje yanapenda APA, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1929, au Chicago ya 1906, na madaktari wana Vancouver. Mitindo yote inauliza nani, lini, nini, wapi. Mwanafunzi achague mmoja ambao chuo chake kinaukubali na aufuate hadi mwisho. Op. cit. peke yake ningeiondoa, maana katika kazi ya kurasa 80 inamlazimisha msomaji kupekua nyuma kurasa 40 kutafuta kitabu kilichotajwa mara moja, na tanbihi moja ikifutwa wakati wa kusahihisha, zote zinazoifuata zinabaki bila mzazi.

Lakini suala la majina halistahili kupitwa haraka, kwa kuwa linatuhusu sisi hasa. Mwongozo wa nje unaagiza jina la ukoo lije kwanza, kisha herufi ya jina la kwanza. Mkongomani ana jina, postnomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza kwa desturi ya Kifaransa), na tangu sera ya uhalisi ya Mobutu ya mwaka 1972 wako waandishi waliochapisha kwa prenomu za Kikristo kabla na bila prenomu baadaye. Mudimbe alitia saini kama Valentin-Yves, baadaye kama V. Y. kutokana na Vumbi Yoka. Mwanahistoria Isidore Ndaywel è Nziem yuko kwenye herufi N ya Ndaywel, ila programu ya kompyuta, ikiachiwa iamue, itamkata na kumweka kama “Nziem, I. N.”, mtu asiyekuwepo. Mateene tuliyemtaja ataonekana pengine chini ya Kahombo. Ushauri wangu ni kuandika jina zima la mwandishi Mkongomani kama lilivyo kwenye jalada, bila kulifupisha kuwa herufi, na kulipanga kwa neno lake la kwanza lisilo prenomu. Katika kijiji ambako watu wengi wana jina moja, herufi moja yenye nukta haimtambulishi mtu.

Wizi wa maandishi upo, na si wa maskini peke yao: Karl-Theodor zu Guttenberg alijiuzulu uwaziri wa ulinzi wa Ujerumani mwezi Machi 2011 baada ya tasnifu yake kugundulika imejaa kurasa za wengine. Huku kwetu kopiye-kole, yaani kunakili na kubandika, inafanyika pia ndani ya sekretaria, vile vibanda vyenye kompyuta, betri ya sola na printa, ambako kazi za miaka iliyopita zimelala kwenye mashine na huazimwa sura kwa sura. Siku hizi kuna jambo jipya. Tangu mwisho wa 2022 kijana mwenye simu na mega kidogo anaweza kuiomba programu kama ChatGPT impe bibliografia juu ya Fizi, naye atapewa majina mazuri, vichwa vinavyosikika kweli, miaka na kurasa, ilhali baadhi ya vitabu hivyo havijawahi kuandikwa. Mwezi Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za namna hiyo ambazo hazikuwahi kuwepo. Mwalimu aliyezoea kuhesabu vyanzo na kukagua koma hatagundua lolote, kwani koma zitakuwa sawasawa. Atagundua yule anayechagua vyanzo vitatu katika orodha na kumwambia mwanafunzi: nionyeshe, au nieleze kinasema nini.

Hilo linawezekana hata Baraka. Mapping Report inapatikana bure kwa Kifaransa. Zotero, programu ya kupanga marejeo iliyotolewa tangu 2006, hailipiwi na hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta. Kinachokosekana ni kazi zetu wenyewe. TFC zinafungwa kamba na kurundikwa katika chumba cha katibu, panya na unyevu wa ziwa vinazipunguza, na vita vikipita vinazimaliza. Kila taasisi ya mwambao ingeanza na daftari moja la kawaida: jina zima la mwandishi, kichwa, mwaka, idadi ya kurasa, vijiji alivyofanyia utafiti, idadi ya watu aliozungumza nao, na rafu ilipo. Mwanafunzi wa mwakani akitaka kuandika juu ya ndagala za Swima, aanzie hapo kwenye daftari, aende rafuni, na kazi ya mwenzake iingie katika bibliografia yake ikiwa na jina la mwenyewe.